Akikimbia Jumapili akalipwa, atapoteza nafasi ya chuo Marekani?

Swali: "Kocha, habari za siku nyingi. Mdogo wangu wa kike ana miaka 19, alimaliza kidato cha nne Novemba iliyopita. Chuo kimoja cha Marekani, kilicho Daraja la Kwanza la NCAA (chama cha michezo ya vyuo vya huko), kimempa ufadhili kamili na anatakiwa kuripoti Agosti. Wiki mbili zijazo kuna mbio za barabara za kilomita 10 Nairobi. Wa pili anapata shilingi 60,000, na kwa mazoezi ya sasa hakosi kuingia tatu bora. Nyumbani pesa inahitajika. Halafu kuna manager anataka asaini naye. Anasema sheria zilibadilika, siku hizi wanachuo wa huko wanalipwa mamilioni. Na duka moja la viatu hapa Eldoret linataka picha yake kwenye bango, shilingi 30,000. Achukue kipi, aache kipi?"

Ndugu yangu, mwache akimbie. Kukimbia hakujawahi kumharibia mtu. Kinachoharibu ni kile kinachoingia kwenye simu baada ya mbio. Akiwa wa pili, apokee kiasi kinacholingana na gharama zake za siku hiyo na kingine akiache. Karatasi ya manager asiishike hata kwa kuisoma tu. Picha ya duka anaweza kuichukua, tena aichukue sasa akiwa bado nyumbani, kwa sababu akishapanda ndege kazi ileile itageuka kosa. Najua majibu hayo matatu yanaonekana kupingana, kwa hiyo nivumilie nikueleze.

Manager wako hakudanganya kabisa. Amekwambia nusu. Kwa zaidi ya miaka 100 michezo ya vyuo vya Marekani iliendeshwa kwa neno moja, ridhaa: mchezaji anacheza kwa kupenda, na malipo yake ni masomo. Neno hilo liliumiza watu. Jim Thorpe alinyang'anywa medali zake mbili za dhahabu za Olimpiki ya 1912 kwa sababu ilijulikana aliwahi kulipwa vijisenti kucheza besiboli katika ligi ndogo. Henry Rono wa Nandi, akiwa mwanafunzi wa Washington State, alivunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81 mwaka 1978, enzi ambazo mkimbiaji hakuruhusiwa kupokea zawadi ya pesa hadharani. Hata karibuni kabisa, 2017, mpiga mateke wa timu ya futiboli ya Marekani ya chuo cha UCF, Donald De La Haye, alipoteza nafasi yake kwa kuwa hakukubali masharti ya NCAA kuhusu video zake za YouTube zilizomwingizia pesa.

Ukuta ulibomolewa mahakamani, tofali baada ya tofali. Ed O'Bannon, aliyekuwa mchezaji wa mpira wa kikapu wa chuo cha UCLA, alifungua kesi 2009 baada ya kuona mchezaji anayefanana naye ndani ya mchezo wa video, ilhali yeye hajalipwa hata senti. Jimbo la California likapitisha sheria yake 2019. Juni 2021 Mahakama ya Juu ya Marekani, majaji wote tisa kwa sauti moja, ikaamua dhidi ya NCAA katika kesi ya Alston, na siku kumi baadaye, Julai 1, 2021, NCAA ikaruhusu wachezaji walipwe kwa kutumia jina lao, picha yao na sura yao. Huko wanaiita NIL. Kisha Juni 6, 2025 jaji Claudia Wilken akaidhinisha makubaliano ya kesi ya House, ambayo kwa mara ya kwanza yanaruhusu chuo chenyewe kimgawie mchezaji mapato ya michezo, hadi takriban dola milioni 20.5 kwa chuo kwa mwaka wa kwanza. Hayo ndiyo "mamilioni" ya manager wako. Asichokwambia ni kwamba sehemu kubwa ya pesa hiyo inakwenda kwa futiboli ya Marekani na mpira wa kikapu. Mkimbiaji wa mbio za nyika huwa anaokota makombo, akiyaokota. Usiuze ng'ombe kwa kutegemea hesabu hiyo.

Shika jambo moja: kilichofunguliwa ni pesa ya jina. Pesa ya miguu, yaani zawadi ya kumaliza nafasi fulani, bado ina kufuli kwa riadha. Kanuni niliyoifanyia kazi inasema kabla hajaanza chuo anaweza kupokea zawadi kutokana na nafasi aliyomaliza, mradi isizidi gharama zake halisi za kushiriki na itoke kwa mwandaaji wa mbio mwenyewe. Katika kanuni hiyo tenisi walikuwa na nafuu: kabla ya chuo waliruhusiwa hadi dola 10,000 kwa mwaka, na ikizidi hapo walihesabiwa gharama. Kwa nini mcheza tenisi apewe dola 10,000 na mkimbiaji apewe nauli? Nimewauliza wakubwa swali hilo zaidi ya mara moja na sijapata jibu la mtu mzima. Lakini ndiyo kanuni.

Basi tupige hesabu yake. Tuseme basi la Eldoret hadi Nairobi ni 1,500 kwenda na 1,500 kurudi. Gesti usiku mmoja 2,500. Chakula siku mbili 1,500. Namba ya kukimbilia 2,000. Jumla 9,000. Hapo ndipo zawadi yake inapokomea: 9,000 kati ya 60,000. Nauli yako wewe unayemsindikiza haimo, na ya kocha wake haimo; kanuni inahesabu gharama za mwanariadha peke yake. Risiti zote mziweke, hata ile ya basi iliyochapwa kwa wino unaofutika. Zipigeni picha siku hiyohiyo. Na mwambie mwandaaji mapema, kwa maandishi, kwamba akishinda alipwe 9,000 tu na kilichobaki wakifanye watakavyo. Asipokee 60,000 halafu akupe wewe 51,000 umtunzie. Hiyo haiitwi kukataa pesa.

Nakuona ukisema: Marekani watajuaje? Nikupe kisa. Nilifanya kazi miaka kadhaa katika ofisi ya kanuni ya chuo kimoja huko, ile ofisi inayokagua kama mchezaji anaruhusiwa kushindana. Alikuja kijana wa kwetu, mpole, mbio za kutosha. Kwenye fomu ya NCAA kuna swali: umewahi kupokea zawadi ya pesa? Akajibu hapana. Wiki mbili baadaye mimi ndiye niliyetumwa kumwita. Mezani kulikuwa na karatasi moja iliyochapishwa kutoka mtandaoni: matokeo ya mbio za mji mmoja huku kwetu, jina lake mstari wa tatu, na pembeni, kwa fahari, waandaaji wameandika kiasi cha zawadi cha kila mmoja. Alitazama ile karatasi, akanitazama mimi, akasema kwa Kiswahili ili bosi asielewe, "Kocha alisema niandike hapana." Pesa yenyewe haikuwa tatizo kubwa; mara nyingi mtu huambiwa ailipe ile ziada kwa shirika la hisani na akose mashindano kadhaa. Kilichommaliza ni lile neno "hapana". Alikaa jukwaani karibu msimu mzima akiwashangilia watu aliowazidi mbio.

Kwa hiyo kama mdogo wako tayari ameshapokea zawadi huko nyuma, hata ile ya gunia la unga na shilingi 3,000 za mbio za kaunti, aiandike. Pesa yake karibu yote imepita M-Pesa, na taarifa ya M-Pesa inaweza kuombwa na kuonyesha tarehe, kiasi na aliyetuma. Itumieni kujilinda badala ya kuiogopa.

Hayo yote ni geti la kwanza, la NCAA. Sasa geti la pili, ambalo ndilo linalonikosesha usingizi kwa wanariadha wetu: viza. NCAA ni chama cha michezo, kikikukasirikia kinakunyima mbio. Uhamiaji wakikukasirikia wanakunyima nchi. Mdogo wako ataingia kwa viza ya F-1 ya mwanafunzi, na viza hiyo haijabadilika pamoja na sheria za michezo. Akiwa ndani ya Marekani anaruhusiwa kufanya kazi ndani ya chuo, saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Nje ya chuo anahitaji kibali maalumu, na hata kile cha mafunzo yanayohusiana na masomo kwa kawaida hakipatikani kabla ya kumaliza mwaka mzima wa masomo. Kupiga picha ya tangazo, kusaini viatu dukani kwa malipo, kurekodi video ya kusifia kinywaji: hizo ni kazi. Mmarekani anayeishi naye chumba kimoja atazifanya na kulipwa, na atamwambia "mbona wewe unaogopa?" Aogope.

Watu wamekwama hapa wakiwa na majina makubwa kuliko la mdogo wako. Zach Edey, Mkanada wa chuo cha Purdue, alikuwa mchezaji bora wa mpira wa kikapu wa vyuo 2023 na tena 2024, na miaka yote hiyo aliwatazama wenzake wakichota pesa ambazo yeye hakuweza kuzichota kwa njia waliyotumia wao. Aliyeonyesha njia ni Oscar Tshiebwe, Mswahili mwenzetu wa Lubumbashi. Alikuwa mchezaji bora wa mpira wa kikapu wa vyuo 2022 akiwa chuo cha Kentucky, naye alikuwa kwenye viza ya mwanafunzi. Agosti mwaka huo timu ilikwenda Bahamas kucheza mechi za maonyesho. Huko, nje ya ardhi ya Marekani, ndiko alikofanya matangazo yake, akarudi darasani. Kazi iliyofanyika nje ya nchi haihesabiwi kuwa kazi ndani ya nchi.

Ndiyo maana nilisema picha ya duka ichukuliwe sasa. Mdogo wako yuko Eldoret, duka liko Eldoret, malipo ni ya shilingi kwa laini ya Kenya. Geti zote mbili ziko wazi kwa hilo, ila kwa masharti madogo. Alipwe kwa picha na si kwa ushindi. Mkataba usiseme "akishinda ataongezewa". Bei iwe ya kweli, ile ambayo duka lingemlipa msichana mwingine yeyote anayejulikana mjini. Chuo chake au mashabiki wake wasiwe nyuma ya pesa hiyo. Tangu makubaliano ya House, mkataba wa NIL wa dola 600 au zaidi lazima uripotiwe, na hata anayekuja kuanza chuo anaulizwa ya nyuma. Shilingi 30,000 ni kama dola 230, hivyo hafiki huko, lakini duka likirudi mara ya pili na ya tatu wanajumlisha. Mimi ningeitaja kwa chuo hata kama ni shilingi 300.

Na angalia jinsi geti hizi mbili zisivyofunguka kwa ufunguo mmoja. Desemba au Julai akirudi nyumbani likizo, bango jingine la Eldoret halina shida na uhamiaji. Lakini mbio za barabara za likizo hiyohiyo, zenye bahasha ya 60,000, bado zina shida, kwa sababu kanuni za NCAA zinamfuata hadi Iten. Akiwa Marekani ni kinyume chake: NCAA itamruhusu tangazo, uhamiaji watamkatalia. Wengi wanaojikwaa wamesikia geti moja limefunguliwa wakadhani na la pili.

Kuna pesa anazoweza kupokea huko bila kutetemeka. Ufadhili wenyewe, kwanza. Vyuo vingine hutoa tuzo ya kufanya vizuri darasani, hadi dola 5,980 kwa mwaka, tunda la ile kesi ya Alston. Ulizeni kama chake kinatoa, maana si vyote. Kazi ya chuoni: jikoni, maktaba, kupanga vifaa vya mazoezi. Kima cha chini cha taifa ni dola 7.25 kwa saa, majimbo mengi yanazidi hapo. Kwa saa 20 ni dola 145 kwa wiki kabla ya makato. Haijengi nyumba ya mawe lakini inalipa karo ya mdogo wenu aliye sekondari. Kuna pia mapato ya kukaa tu, kama mrabaha wa jezi yenye jina lake inayouzwa na chuo bila yeye kufanya lolote. Mawakili wengi wa uhamiaji wanayaona hayo ni salama. Ile pesa ya chuo ya kugawana mapato ndiyo iliyowagawa: baadhi ya vyuo vinaiita mrabaha na kuwalipa wageni, wengine hawagusi. Akiletewa karatasi ya aina hiyo, asaini tu baada ya wakili wa uhamiaji kuisoma, na si wakili wa chuo, ambaye mteja wake ni chuo.

Kodi nayo isimshtue. Sehemu ya ufadhili inayolipa masomo na vitabu haitozwi. Inayolipa chumba na chakula hutozwa, na kwa mwanafunzi wa F-1 kwa kawaida inakatwa asilimia 14. Mapato ya jina yanayotoka Marekani hukatwa asilimia 30, na Kenya haina mkataba wa kodi na Marekani wa kumpunguzia. Niliona msichana akilia kwenye ngazi za ofisi ya fedha akidhani ameibiwa.

Narudi kwa manager. Unamjua kwa sura, amewanunulia watoto wa kambi viatu, analipa kodi ya nyumba ya mazoezi, na mkono mtupu haulambwi. Sisemi ni mtu mbaya. Kwa mwanariadha anayekwenda moja kwa moja kwenye mbio za kulipwa, manager mwaminifu ni baraka. Ila kazi yake ni kumtafutia mbio na kujadiliana malipo ya kuonekana, na hicho ndicho hasa kinachokatazwa na kanuni za NCAA nilizozifanyia kazi. Makubaliano ya mdomo yanahesabiwa. Makubaliano ya "tutaanza ukimaliza chuo" yanahesabiwa. Viatu na kodi ya nyumba kutoka kwake vinahesabiwa. Wakala wa matangazo tu, wa pesa ya jina, anaruhusiwa, lakini soma karatasi: nyingi nilizoziona zimeandikwa "haki zote za kibiashara na kimichezo", na neno "kimichezo" likishakuwemo mambo yamekwisha. Jihadhari pia na anayesema atamtafutia chuo kwa asilimia ya ufadhili. Ada ya kulipwa mara moja kwa huduma ni jambo jingine. Asilimia ya ufadhili inamfanya mtu huyo kuwa wakala.

Umesema nyumbani kuna dhiki, na harambee ya tikiti mnaweza kufanya. Katika miaka yangu yote sijaona harambee ya kijiji au ya kanisa ikimletea mtu shida, mradi mna orodha ya waliochanga. Iliyoleta shida ni tikiti iliyolipwa na manager "kama mkopo".

Jambo ambalo hukuuliza: asiahirishe kuripoti. Kwa kanuni niliyoifanyia kazi, mwanariadha ana mwaka mmoja tangu kumaliza sekondari. Ukipita na bado anashiriki mbio zilizoandaliwa, zenye matokeo rasmi na zawadi, kila mwaka unakula msimu mmoja kati ya minne aliyonayo, na akifika atakaa nje mwaka mzima. Alimaliza Novemba; Agosti bado yumo ndani. Mtu akimwambia "kimbia kwanza mwaka mmoja miwili upate pesa, chuo hakihami", chuo hakihami kweli, lakini misimu yake inahama.

Na kama siku moja atavaa jezi ya Kenya kwenye Olimpiki kabla hajahitimu, huko kuna mlango mwingine. Tangu 2015 NCAA inawaruhusu wageni kupokea bonasi ya ushindi kutoka kamati ya Olimpiki ya nchi yao. Joseph Schooling wa Singapore, akiwa mwanafunzi wa Texas, alimshinda Michael Phelps katika mita 100 za kipepeo huko Rio 2016, akapewa na nchi yake takriban dola 740,000, akabaki mwanafunzi, akaendelea kuogelea chuoni. Kwa hiyo NCAA inaweza kumeza dola 740,000 na ikapaliwa na shilingi 51,000 za Nairobi. Sijawahi kudai ina mantiki.

Kama mahitaji ya nyumbani ni makali kiasi cha kwamba 51,000 hizo haziwezi kuachwa, basi kaeni chini mwulizane kwa uwazi kama chuo ndiyo njia yake. Si aibu kuchagua barabara. Kuna pia vyuo vilivyo chini ya vyama vingine vya michezo, NAIA na, kwa vyuo vya miaka miwili, NJCAA, vyenye vitabu vyao vya kanuni. Sally Kipyego alianzia South Plains, chuo cha miaka miwili huko Texas, akahamia Texas Tech, akatwaa mataji tisa ya NCAA, kisha fedha ya mita 10,000 Olimpiki ya London 2012. Lakini mdogo wako ana ufadhili kamili mkononi, na ufadhili kamili kwa miaka minne unazidi bahasha nyingi za Jumapili.

Kazi ya wiki hii ni moja. Aandike barua pepe yeye mwenyewe, si wewe, kwa kocha wa chuo na ofisi ya kanuni ya chuo. Maneno machache: mbio gani, tarehe gani, nani mwandaaji, zawadi kiasi gani, gharama zangu nakadiria kiasi gani, nitapokea kiasi hicho tu, na duka fulani limeniomba picha kwa kiasi fulani, rasimu ya mkataba imeambatishwa, naomba jibu kwa maandishi. Ofisi hizo hujibu, ndiyo kazi yao, na wanafurahi kuulizwa kabla kuliko kuita mtu mezani baadaye. Kumbuka tofauti ya saa: ukituma asubuhi ya Eldoret, huko wamelala. Jibu likifika, lichapisheni, liwekwe kwenye faili moja na zile risiti. Ndipo alipie namba.